Dhahabu kwenye Bawaba: hotuba kuhusu kuunda na kupima modeli ya roboti inayobadili umbo

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wazazi mliokubali kuacha shughuli zenu za Jumamosi, na nyinyi vijana wa mstari wa mbele mliokuja na koleo mifukoni, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimeombwa nizungumze juu ya modeli hii iliyoko mezani. Ni roboti ya plastiki yenye urefu wa sentimita 20 hivi, iliyochovywa rangi ya dhahabu tangu kichwani hadi miguuni, na ambayo ukiikunja miguu, ukaifungua mabawa na kukilaza kifua chake, hugeuka kuwa ndege. Niliiunda mwenyewe kwa muda wa wiki sita, jioni baada ya kazi. Waandaaji wameniuliza swali moja tu: je, ni kazi nzuri? Jina la seti hii na la kampuni iliyoitengeneza nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu nitazitaja kasoro zake, na ningependa tuijadili kazi yenyewe.

Kabla ya kujibu, niruhusuni nimtaje mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa sonara katika Mji wa Kale hapa Mombasa. Mteja akimletea bangili ya bawaba na kumwuliza kama ni dhahabu yenyewe au ni ya kuchovya, mjomba hakujishughulisha na uso wake unaong'aa. Aliifungua ile bawaba, akaichomoa pini kwa kibanio, kisha akachungulia ndani ya tundu ambamo pini huzunguka. Mahali pale madini yalikuwa yakisuguana kila siku ambayo mwanamke aliivaa na kuivua bangili ile, na kama dhahabu ilikuwa ni ngozi ya juu tu, basi pale ndipo ilipokuwa imeanza kuondoka. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi nikiwa mtoto, nami sikufikiri kwamba siku moja ningekipima kitu cha plastiki kutoka Japani kwa njia ileile. Leo sina kipimo kingine ninachokiamini zaidi. Modeli ya dhahabu inayobadili umbo ihukumiwe kwenye viungo vyake, tena baada ya kuchezeshwa mara nyingi, na wala si siku inapotoka kwenye boksi.

Nasema hivi kwa sababu katika modeli ya namna hii yamekutanishwa mambo mawili yasiyopatana. Mng'ao unataka kuachwa utulie: usiguswe, usisuguliwe, usitiwe gundi, usipigwe msasa. Kubadilika umbo kunataka kinyume chake, yaani pini ziingie kwenye matundu kwa kubana, paja lipite karibu na nyonga, bawa litelezeshwe juu ya mgongo. Anayetengeneza sanamu ya dhahabu isiyosogea ana kazi rahisi, na anayetengeneza roboti inayobadilika ya plastiki ya kawaida ana kazi ngumu lakini ya wazi. Aliyeamua kuviunganisha viwili hivyo amejitakia taabu, na thamani ya kazi yake imo katika namna alivyoikabili taabu hiyo.

Wajapani wameishi na jambo hili kwa miaka mingi, hata wakalitungia hadithi. Tarehe 7 Aprili 1979 kituo cha televisheni cha Nagoya kilianza kuonyesha katuni ya Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino na ambayo mashine zake zilichorwa na Kunio Okawara. Watazamaji walikuwa wachache, nayo ikakatizwa ilipofika kipindi cha 43. Ilifufuliwa na modeli. Julai 1980 kampuni ya Bandai ilitoa seti ya kwanza ya roboti ile, kwa kipimo cha 1 kwa 144 na kwa bei ya yeni 300, fedha ambazo mtoto wa shule aliweza kuzikusanya mwenyewe. Seti zile za mwanzo zilihitaji gundi na rangi, na mtoto asiye na subira alimaliza na roboti yenye alama za vidole. Kiwanda cha modeli hizo leo kiko Shizuoka, mji ambao pia ni makao ya Tamiya na Aoshima, na mtu akiniuliza ni mji gani wa dunia ningependa kuutembelea kabla sijazeeka, sitaitaja Paris wala New York.

Mwaka 1985, katika mfululizo uliofuata, ilitokea roboti ya dhahabu iitwayo Hyaku Shiki, iliyobuniwa na Mamoru Nagano. Jina hilo maana yake ni aina ya mia, na begani imeandikwa herufi ya Kijapani ya mia. Historia ya roboti hiyo ndani ya hadithi ndiyo inayotuhusu leo. Wahandisi wa hadithi walitaka kwanza kuunda roboti ya dhahabu inayoweza kugeuka kuwa chombo cha kurukia, wakashindwa, kwa kuwa fremu yake ya ndani haikuweza kuhimili kukunjwa na kukunjuliwa. Ikabidi wachague. Waliacha uwezo wa kubadilika, wakabaki na dhahabu, na Hyaku Shiki ni matokeo ya uamuzi huo. Ile iliyoshindikana iliitwa Delta Gundam. Sasa tazameni yaliyotokea nje ya hadithi. Bandai waliitoa Hyaku Shiki mwaka 2001 katika daraja lao la Master Grade, ambalo ni la kipimo cha 1 kwa 100, kisha wakaitoa upya kwa kalibu mpya mwaka 2015. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2012, waliitoa Delta Gundam yenyewe, ikiwa na dhahabu yake na uwezo wake wa kubadilika kwa pamoja. Lile lililowashinda wahandisi wa kubuni, wachonga kalibu wa kweli walilazimika kulitafutia njia kwa plastiki.

Watu wengi hudhani kwamba dhahabu hiyo ni rangi iliyopuliziwa kama ya gari, na wengine hudhani kuna dhahabu ya kweli kidogo. Kwa kawaida si hili wala lile. Vipande vikishatoka kwenye kalibu, vingali vimeshikamana na fremu yake, yaani vijiti vya plastiki vinavyovishikilia pamoja, huoshwa na kupakwa laka ya kwanza ili uso uwe laini kabisa. Kisha huingizwa ndani ya tangi ambalo hewa yake imenyonywa hadi likabaki ombwe. Humo ndani waya wa alumini hupashwa moto mkali hadi ukawa mvuke, na mvuke ule unapogusa plastiki iliyo baridi huganda juu yake kama kioo. Tabaka hilo la alumini ni jembamba mno, chini ya mikroni moja, wakati unywele wa binadamu una makumi ya mikroni. Mpaka hapo kipande ni cheupe kama fedha. Dhahabu huja mwishoni, katika laka ya juu iliyotiwa rangi ya manjano, na ni laka hiyo inayoamua kama modeli itafanana na dhahabu nyekundu iliyochanganywa na shaba, au na ile ya manjano iliyokoza ya karati 22 ambayo jamaa zetu hutuletea kutoka Dubai na Maskati, au kwa bahati mbaya na karatasi ya peremende.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo mnunuzi halioni lakini mbunifu hulazimika kulifikiria tangu siku ya kwanza. Mvuke wa metali ndani ya ombwe husafiri kwa mstari mnyoofu. Haupindi kona. Kwa hiyo vipande huzungushwa tangini ili kila upande uelekee chanzo cha mvuke, na hata hivyo mashimo ya kina na pembe zilizojificha hupata metali kidogo au hukosa kabisa. Mbunifu mwangalifu ataligawa bega katika vipande vitatu vyepesi badala ya kulichonga kipande kimoja chenye mapango, na mtu asiyejua atalalamika kwamba vipande ni vingi bila sababu. Nilipogundua jambo hili niliacha kuhesabu vipande kama dalili ya ubora au ya ubovu.

Naomba niseme neno moja kuhusu dhahabu ya kweli, kwa kuwa kijana mmoja aliniuliza mlangoni kwa nini roboti ya vita ipakwe rangi ya mapambo. Katika hadithi jibu ni kwamba utando ule huitawanya miale ya silaha za adui. Jibu hilo halijatoka hewani tupu. Darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina vioo 18 vya berili vilivyofunikwa dhahabu yenye unene wa nanomita 100 hivi, na dhahabu yote iliyotumika haifiki gramu 50. Imewekwa kwa sababu hakuna metali nyingi zinazoirudisha miale ya infraredi vizuri kama dhahabu. Kwa hiyo dhahabu nyembamba juu ya mwili wa kitu kingine ni uhandisi halali, na mtoto anayeishika modeli hii amekishika kitu chenye ndugu zake mbinguni.

Sasa nije kwenye kuunda. Wanaoanza naomba wasikilize sehemu hii kuliko nyingine zote, kwa kuwa makosa ya modeli ya dhahabu hayarekebishiki.

Kila kipande katika seti huning'inia kwenye fremu kwa kikonyo, kama embe. Katika modeli ya kawaida unakikata kikonyo kwa koleo, unabaki na kovu jeupe, unalipiga msasa, na mambo yamekwisha. Hapa msasa hauna kazi. Kipande kilichovywa kikiwa tayari kwenye fremu, hivyo kikonyo nacho kilifunikwa, na popote utakapokata patabaki plastiki tupu isiyo na dhahabu. Dawa waliyoibuni watengenezaji ni kukiweka kikonyo chini ya kipande, upande wa ndani, ili kovu lifichwe na kipande cha jirani baada ya kuunganishwa. Ni ubunifu mzuri sana, lakini unadai mikato miwili: mkato wa kwanza wa mbali ili kukitoa kipande kwenye fremu bila kukivuta, na wa pili wa taratibu, koleo likiwa limelala bapa, ili kuondoa kijibaki kinachochungulia pembeni. Ukisahau mkato wa pili, kijibaki kile huzuia vipande kufungana, nawe utalaumu kalibu. Ukifanya pupa katika mkato wa kwanza, kikonyo hung'oka na kuibandua ngozi ya dhahabu hadi upande wa mbele.

Nililifanya kosa hilo la pili. Ilikuwa usiku wa tatu, kwenye bawa la kushoto, na nilikuwa nimechoka. Kovu lake lina ukubwa wa punje ya mtama. Nilijaribu kuliziba kwa kalamu ya rangi ya dhahabu, na mkilitazama kwa mbali hamtaliona, lakini mkilileta dirishani mtaona papo hapo kwamba rangi ya kalamu hukaa kama vumbi la dhahabu ilhali kando yake pana kioo. Rangi yenye chembe haiwezi kuiga uso unaoakisi. Afadhali mtu auache weupe mdogo uliofichika kuliko kupaka doa kubwa la kuuficha. Iwapo plastiki ya chini ni ya manjano, kama ilivyo kwa seti hii, kovu huvumilika, na hilo nalihesabu kuwa heshima ambayo mbunifu ameniwekea mimi mwenye mikono mizito.

Gundi ya modeli nayo haishiki juu ya dhahabu hii, kwa sababu hufanya kazi kwa kuiyeyusha plastiki, na hapa plastiki imefunikwa. Atakayelazimika kuitumia akwangue kwanza sehemu ya ndani hadi aione plastiki. Msijaribu kusafisha alama za vidole kwa spiriti. Laka ya juu inaweza kulainika na kugeuka ukungu ambao hautoki tena. Maji ya klorini ya kufulia, ambayo nyumbani tunayaita jiki, ni hatari zaidi, kwa kuwa huila alumini yenyewe na kumwachia mtu plastiki uchi. Mimi nilitumia glavu za pamba tangu mwanzo hadi mwisho. Katika hewa yetu ya pwani yenye chumvi na jasho, nawasihi mfanye vivyo hivyo hata kama mwenzenu wa nyanda za juu atawaambia kwamba hana haja nazo.

Wapo wanaopenda kuichora mistari ya bodi kwa wino ili maungo yaonekane. Wino mweusi kwenye dhahabu huifanya modeli ionekane kama sega la nyuki. Kahawia iliyokoza hutulia vizuri zaidi, kama vumbi la miaka kwenye nakshi ya mlango. Lakini angalieni tina, yaani kiyeyushi kilichomo ndani ya wino: ikitiririka na kuingia kwenye viungo vilivyotengenezwa kwa plastiki ya ABS, ambavyo huwa vimebanwa tayari, inaweza kuvipasua. Wino wangu niliutia kwa ncha ya sindano, kabla ya kuviunganisha vipande, nikauacha ukauke usiku kucha.

Jambo la mwisho kuhusu kuunda linahusu maungio. Katika modeli ya kawaida, mkono unaotokana na nusu mbili huacha mstari katikati, nasi huuziba kwa gundi na msasa. Hapa hatuwezi, kwa hiyo kila mstari ambao mbunifu hakuuficha utabaki milele. Nilipoutazama mkono wa modeli hii nilifurahi kuona kwamba mstari wa nusu mbili umepitishwa ndani ya mfereji uliochongwa kana kwamba ni ungio la bodi ya chuma. Kwenye paja hawakufanya hivyo. Mstari unashuka wazi kutoka nyonga hadi gotini, na kwa kuwa dhahabu hurudisha mwanga, mwanga wa kila taa ya chumbani unakatikia hapo. Mafundi wetu wa kunyoosha bodi za magari wanalijua jambo hili: gari jeusi linalong'aa humtangaza fundi mbaya mtaa mzima, wakati lile la kijivu lisilong'aa humsitiri. Dhahabu ni mbaya zaidi kuliko nyeusi. Hata pale plastiki ilipokuwa nene na ikanywea kidogo wakati wa kupoa, bonde dogo ambalo kwenye plastiki ya kawaida lisingeonekana, hapa huonekana kama wimbi.

Sasa kupima. Wanaopima modeli hizi huanza, mara nyingi, kwa kuisimamisha roboti, kuimulika, na kuisifu. Mimi huanza kwa kuigeuza ndege. Mwaka 1982 mbunifu Shoji Kawamori aliwaonyesha watazamaji wa Japani ndege ya kivita inayogeuka roboti bila kung'oa kipande hata kimoja, na tangu hapo mashabiki wengi wamelifanya hilo kuwa sharti la heshima. Ziko seti ambazo humtaka mtu atoe kiwiliwili kizima na kuweka kingine ili ndege ipatikane. Sizidharau, kwa kuwa roboti zake husimama imara zaidi. Lakini ikiwa kipande kinabadilishwa badala ya kukunjwa, swali letu la leo limekwepwa, maana dhahabu haikusuguliwa kamwe. Modeli hii haikukwepa. Hatua zake ni kumi na moja, na hakuna kipande kinachobaki mkononi isipokuwa bunduki, ambayo nayo hupachikwa chini ya tumbo la ndege.

Niliigeuza kwenda na kurudi mara moja kila jioni kwa mwezi mmoja, mara 30, nikiandika daftarini nilichokiona. Siku ya kwanza karibu kila pini ilibana kupita kiasi. Sababu yake ni ileile dhahabu: laka ya chini, metali na laka ya juu kwa pamoja huongeza unene, na tundu lililochongwa kwa kipimo cha plastiki tupu huwa dogo. Anayelazimisha hapo huvunja. Nilizikwangua pini nne kwa wembe, sehemu ya ndani isiyoonekana, na zikaingia bila kelele. Mbunifu makini angekata kalibu akiwa amekwisha kuuhesabu unene huo. Kwenye mabega alifanya hivyo, kwenye kiuno hakufanya, na hiyo ni kasoro ya kwanza ninayoiandika.

Kufikia jioni ya kumi nilianza kuona alichokiona mjomba ndani ya tundu la bangili. Pale ambapo bawa huteleza juu ya mgongo palikuwa pametokea mstari mwembamba mweupe kama uzi. Niliuchunguza kwa kioo cha kukuzia: laka ya manjano ilikuwa imekwisha, na nilichokuwa nikikitazama kilikuwa alumini. Mstari huo uliendelea kupanuka hadi jioni ya 20, kisha ukasimama, kwa sababu vipande vilikuwa vimekwisha kujitengenezea nafasi. Kwenye nyonga, nilikotarajia uharibifu mkubwa kuliko mahali popote, sikuona chochote. Niliifungua nyonga nikaelewa. Mbunifu hakuitia dhahabu kabisa sehemu ile inayozunguka. Aliweka kiungo cha plastiki ya kijivu kilichokolea, akakifunika kwa ngao ya dhahabu isiyogusana na kitu chochote, ikiwa imeachiwa mwanya mwembamba kama unene wa kucha. Paja linazunguka ndani ya kijivu, na dhahabu inasindikiza tu kwa nje.

Waheshimiwa, nilipokiona kiungo kile niliiweka modeli chini nikakaa kimya kwa muda. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipo bwana wa kazi hii. Mtu ambaye hatumjui, akiwa amekaa mbele ya mchoro, alijua kwamba mkono wangu utaikunja nyonga hiyo mara nyingi kuliko kiungo kingine chochote, akaamua mahali dhahabu isimame na mahali isithubutu kufika. Bawa halikupata bahati hiyo, labda kwa sababu mgongo mwembamba haukuwa na nafasi ya mwanya, na wala simlaumu sana. Lakini nikiulizwa tofauti ya kazi nzuri na kazi ya kawaida katika modeli hii, nitaonyesha nyonga na bawa, ambavyo vimeachana kwa sentimita tatu tu.

Ndege yenyewe ni ya wastani. Ukiitazama kwa juu ina umbo la mkuki na inapendeza. Ukiitazama kwa ubavuni unaiona miguu ya roboti imelala chini ya mabawa ikiwa haijajificha vya kutosha, jambo ambalo limewasumbua wabunifu wote wa aina hii kwa miaka 40, kwa kuwa miguu ya roboti ni mikubwa na ndege haihitaji miguu. Roboti ikiwa imesimama ina kiuno kinacholegea kidogo, na huo ndio ushuru wa kawaida wa kiwiliwili kinachokunjika. Nimeiwekea kigingi kidogo kinachoweza kutolewa. Kuhusu rangi ya dhahabu yenyewe nitasema tu kwamba mchana ni ya manjano mno kwa ladha yangu, na jioni, chini ya balbu yenye mwanga wa joto, ni nzuri sana.

Basi swali la waandaaji: je, ni kazi nzuri? Ndiyo. Ningeipa alama 8 kati ya 10. Siku ya kwanza ningeipa 9, na jioni ya kumi, nilipouona ule uzi mweupe mgongoni, niliandika 6 kwa hasira. Nyonga ndiyo iliyonirudisha kwenye 8. Ningemwomba mbunifu afanye mambo mawili katika toleo lijalo: kiuno kikatwe kwa kuuhesabu unene wa utando, na reli ya bawa iachwe bila dhahabu, iwe ya kijivu kama nyonga, hata kama mashabiki watalalamika kwamba mgongo una mstari usiong'aa. Nyinyi mnaonunua, mkiweza kuiona modeli iliyokwisha kuundwa dukani au kwa rafiki, msiombe mpya. Ombeni iliyochezewa na watoto, muifungue kwenye viungo.

Nimemaliza yangu. Modeli nitaiacha hapa mezani mpaka saa kumi na moja, pamoja na pea sita za glavu na kioo cha kukuzia. Karibuni mje kwa zamu muigeuze wenyewe. Hatua za kufuata nimeziandika kwenye kadi iliyo pembeni. Msikikunje kifua kabla ya kuondoa kigingi cha kiunoni. Na mkilifikia bawa la kushoto, lenye kovu langu, lifungueni kuelekea nje kwanza, halafu juu.